Kisu Kidogo, Bei Poa, Kisikung'ate

Mwezi huu tunayaacha kidogo manukato na saa za mkono. Najua wengi wenu huumiza kichwa kila siku ya kuzaliwa ya mwenzi inapokaribia. Mashati ameshapewa, waleti anazo tatu, na mkanda wa mwaka jana bado uko kwenye boksi lake. Basi nina wazo: mnunulie kisu cha kukunja!

Usishtuke. Sisemi panga. Nasema kile kisu kidogo kinachokaa mfukoni au ndani ya pochi, kikiwa kimekunjwa kisimsumbue mtu. Na wala si cha wanaume peke yao, dada zangu. Kifurushi kimefika ofisini, kimezungushiwa selotepu kama kina dhahabu ndani, na watu wazima wenye digrii wanakifungua kwa meno! Uzi wa gauni umechomoza dakika tano kabla ya sendofu. Mmesimama njiani Jumamosi mkienda Bagamoyo, mmenunua maembe, na hakuna wa kuyamenya. Hapo ndipo utamjua mwenye kisu.

Tatizo ni kuchagua. Ukipita kwa wauzaji utaoneshwa kisu kinachong'aa, mpini una picha ya joka, na ndani kuna vifaa 15: bisibisi, mkasi, kijiko, hadi tochi. Bei ya kutupa. Lakini hebu fikiria, bwana. Pesa uliyotoa ni ileile, na imegawanywa kwa vifaa 15. Bapa lenyewe limebakiziwa nini? Kwa kisu cha bei nafuu, lipia bapa na kiungo chake. Mapambo achia wengine.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Kiwe kidogo. Bapa la sentimita 6 hadi 8 linatosha kwa karibu kila kazi ya siku. Kikubwa kitakuchosha mfukoni, utakiacha kwenye droo, na kisu cha kwenye droo hakimenyi embe njiani.

Ujue kinafungaje. Hili ndilo linalohusu vidole vyako, kwa hiyo soma taratibu. Visu vingi vya kukunja vina springi tu: inalishikilia bapa, lakini ukilisukuma kwa nyuma linajikunja. Hicho ni salama kwa kukata, ila usikitumie kutoboa, maana kinaweza kukufungia vidoleni. Vingine vina loki, yaani bapa halirudi mpaka ulifungue wewe mwenyewe. Kwa kazi ngumu loki ni bora. Lakini loki mbovu ni mbaya kuliko kukosa loki kabisa, kwa sababu unaiamini.

Angalia chuma. Kuna chuma cha kawaida chenye kaboni, ambacho hunoleka haraka na kuwa na makali ya kutisha, ila hushika kutu. Na kuna kile kisichoshika kutu kirahisi. Ukiishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, na hewa yetu hii ya chumvi, chukua cha pili. Cha kwanza ukikikatia ndimu usipokifuta papo hapo, bapa linabadilika rangi.

Kijaribu kabla hujalipa. Kikunjue, kisha litikise bapa kulia na kushoto. Likicheza, mrudishie mwenye duka. Kikunje, utazame kwa juu: bapa likae katikati, lisikwaruze kuta za mpini. Kama kina loki, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gandamiza mgongo wa bapa polepole kwenye ukingo wa meza. Kikijifunga, ondoka. Mwisho, omba karatasi ukate. Kisu kipya kinachochana karatasi badala ya kuikata kitakupa kazi ya kunoa siku ya kwanza.

Na kunoa ni lazima. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini kuna la zaidi: kisu butu ndicho hatari. Unatumia nguvu nyingi, kinateleza, kinaishia mkononi. Jiwe dogo la kunolea ni sehemu ya zawadi.

Kama una ndugu anayerudi kutoka Ulaya, kuna majina mawili ya kumwagiza. La kwanza ni Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890. Namba 8 yao ina bapa la sentimita 8.5, mpini wa mti, na tangu 1955 wanaweka pete ya chuma unayoizungusha kulifunga bapa. Huko kwa kawaida haifiki Euro 20. Mwambie achukue yenye neno Inox, ile isiyoshika kutu. Mpini wake ukilowa huvimba na bapa huwa gumu kutoka, kwa hiyo usikiache ndani ya maji ya vyombo.

La pili ni Victorinox ya Uswisi, kampuni ya Karl Elsener aliyefungua karakana yake mwaka 1884 na kuanza kuwapa visu wanajeshi wa nchi yake mwaka 1891. Ile ndogo, Classic, ina urefu wa milimita 58 tu ikiwa imekunjwa na inakaa pamoja na funguo: bapa, mkasi, tupa ya kucha. Feki zake ni kibao, kwa hiyo tazama jina lililochongwa chini ya bapa, usitazame msalaba wa kwenye mpini peke yake.

Huyo ndugu akiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kabla ya Septemba 2001, Marekani iliruhusu visu vya chini ya inchi 4 ndani ya ndege. Siku hizo zimepita. Zawadi ya mpenzi ikiachwa kwenye pipa la uwanja wa ndege, machozi yako hayatairudisha. Na ukisafiri nacho, uliza sheria za huko. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kutembea nacho bila sababu maalumu ni cha kukunja kisicho na loki, chenye bapa lisilozidi inchi 3. Opinel Namba 8 imekosea kote kuwili!

Hapa nyumbani, usiende nacho klabu wala uwanja wa mpira. Hiki ni chombo cha kazi, si silaha. Na kama umpendaye ni mtu wa kushika chochote kilicho karibu mnapogombana, usimnunulie kisu. Funga mizigo yako uende kwa watu wanaokupenda. Hilo silisemi kwa utani.

Lakini kama ni yule atakayekumenyea chungwa bila kuombwa, na kukupa nusu kubwa, huyo mnunulie kesho. Tukutane mwezi ujao!