Zamu ya Usiku Haifai Mtu Mmoja



Fungua Mwanzo 35:16-20. Raheli anashikwa na uchungu njiani kwenda Efrathi, na kujifungua kunakuwa kugumu. Mzalisha yupo pembeni yake, anamtia moyo. Mtoto anazaliwa mzima, mama anafariki, Yakobo anamzika huko huko njiani. Tumehubiri sana juu ya Raheli na Yakobo. Mzalisha hatumkumbuki. Alipoitwa tena kwa mama mwingine, alikwenda?

Swali hilo ni la madaktari wetu vijana. Hapa Tanzania, daktari akimaliza miaka mitano ya chuo hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya kupata usajili kamili, na hupita pia wodi ya wazazi. Hapo ndipo moyo wake unapoanza kuamua kama atakubali kazi ya kuzalisha au ataikwepa. Anayeikwepa si lazima awe mvivu. Mama aliyekuwa akizungumza vizuri anaweza kutokwa damu nyingi ndani ya dakika chache baada ya kujifungua. Kijana ana roho mbili mikononi, na nje ndugu wanasubiri majibu.

Kwetu Ruvuma hofu hiyo ina gharama. Mama wa kijijini Nyasa au Tunduru, damu ikianza kutoka, hawezi kungoja afikishwe hospitali kubwa ya Songea au Peramiho. Anahitaji mtu wa karibu aliyekubali kazi hiyo. Taifa limepiga hatua: utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ulionyesha 104. Tumshukuru Mungu, lakini kila mmoja wa hao 104 alikuwa Raheli wa nyumba fulani.

Sasa soma Kutoka 1:15-21. Shifra na Pua waliamriwa na Farao wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Walikuwa na kila sababu ya kuogopa, lakini walimcha Mungu kuliko mfalme, wakawaacha watoto waishi. Na angalia: wanatajwa wawili. Hakuna aliyeachwa kusimama mbele ya Farao peke yake.

Basi, wewe daktari bingwa na wewe mkunga mzoefu, kijana akikuita saa nane za usiku, nenda. Usimcheke kwa kuuliza. Atakavyopokewa usiku huo ndivyo atakavyowapokea akina mama maisha yake yote.

Nasi waumini tuna sehemu yetu. Likitokea baya, kudai maelezo ni haki yetu. Kumwita mtu muuaji kabla ya kujua kilichotokea ni dhambi ya ulimi. Baba, mpeleke mkeo kliniki mimba ikiwa changa, na nauli ya siku ya uchungu iwe tayari. Jumuiya, jipangeni mkachangie damu. Chupa ya damu iliyo tayari humtia daktari kijana ujasiri kuliko hotuba yoyote.

Ee Bwana, wakumbuke wanaokesha wodi ya wazazi usiku wa leo, na utufanye tuwe wenzao. Amina.

Jumapili njema.