Mpira wa Magari ya Roketi na Suala la Umbali

Wako miongoni mwetu wanataaluma wanaoshikilia kwamba michezo ya kompyuta ni upuuzi wa vijana, usiostahili nafasi katika jarida la sayansi. Siafikiani nao. Mchezo mmoja tu, uitwao Rocket League, watosha kuonyesha sababu zangu.

Mchezo huu ulitungwa na Psyonix, karakana ya watunga programu iliyoko San Diego, Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa ikijitegemea. Jaribio lao la kwanza, la mwaka 2008, halikuvuma sana. La pili lilitolewa Julai 2015, likaenea upesi mno, hata mwaka 2019 kampuni ya Epic Games ikainunua Psyonix yote. Kinachochezwa ni kandanda ya zama zijazo: mahali pa miguu pana magari yenye roketi kwa nyuma, aghalabu matatu kwa matatu, kwa muda wa dakika 5, katika uwanja uliozibwa kwa kuta na dari. Magari hayo huparamia kuta kama mijusi. Kila gari huongozwa na mtu aliye nyumbani kwake, pengine katika nchi nyingine kabisa.

Natuanze na elimu ya mwendo. Wachezaji wadadisi wamepima kila kitu ndani ya uwanja ule. Kipimo cha urefu cha programu kikichukuliwa kuwa sentimita moja, mvutano wa ardhi huwa mita 6.5 kwa sekunde kwa sekunde, ambapo wa dunia yetu ni 9.8. Roketi nayo hulichapua gari kwa kiasi cha mita 9.9, na tangi lililojaa huisha kwa sekunde 3. Msomaji na achukue kalamu. Gari likielekeza pua yake juu, kinachobaki baada ya kuushinda mvutano ni 3.4, nalo kwa sekunde hizo 3 hupanda mita 15 hivi, kutoka sakafuni kuelekea dari lenye kimo cha mita 20. Lakini lau watungaji wangeuweka mvutano wa kweli wa dunia, gari lile lile, mbali na mruko wake wa kwanza, lisingepanda hata mita moja. Kadiri ya nusu mita tu. Mchezo mzima wa angani umesimama juu ya tarakimu moja iliyochaguliwa kwa makusudi. Sijui zoezi lililo bora kuliko hili la kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha tano maana ya kani mbili zinazopingana.

Walakini, mafundisho makubwa zaidi yamo katika mawasiliano. Magari sita na mpira mmoja lazima vionekane mahali pamoja katika kompyuta sita zilizotengana. Nani basi aamue mpira uko wapi? Psyonix walimpa uamuzi huo mwamuzi mmoja, yaani seva, ambayo hukokotoa mwendo wa kila kitu mara 120 kwa sekunde. Kompyuta ya mchezaji haingoji jibu, maana mkono ungehisi uzito. Nayo hukokotoa kwa kanuni zile zile, na kutangulia kwa kubashiri. Taarifa ya seva ikifika na kutofautiana na ubashiri huo, kompyuta hurudi nyuma hadi wakati wa tofauti ile, hujisahihisha, kisha hukokotoa upya mpaka ilipokuwa imefika, yote hayo kabla jicho halijapepesa. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini jambo moja haliwezi kukokotolewa, nalo ni nia ya mpinzani. Atakapokata kona, habari itafika baada ya kitendo.

Hapo ndipo umbali unapoingia. Gari liendalo kwa kasi ya juu kabisa hukata mita 23 kwa sekunde, na mpira waweza kufikia 60. Habari ikichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari limekwisha kusogea zaidi ya mita 2, na mpira mita 6. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva za mchezo huu katika bara letu ziko Afrika Kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi si chini ya milisekunde 25, yaani hatua 3 za mwamuzi. Kwa seva iliyoko Frankfurt ni takriban 70. Hicho ni kiwango ambacho hakuna fundi awezaye kukipunguza. Mizunguko ya mikongo na foleni za mitambo huongezwa juu yake.

Tangu msimu wa 2021–22 mashindano makuu ya mchezo huu yana kanda ya Afrika kusini mwa Sahara. Kijana wa Johannesburg na kijana wa Mwanza wako katika kanda moja, lakini mmoja ana mwamuzi mlangoni pake.

Mkongo wa EASSy, unaotoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan na kupita Mombasa na Dar es Salaam, ulianza kazi mwaka 2010. Tukaupokea, kama ilivyo haki, kwa furaha ya upana: megabiti ngapi, kwa bei gani. Hadi leo matangazo ya intaneti hutaja megabiti tu. Upana wa barabara haukuambii safari ni ya saa ngapi. Daktari anayeshauriana na mwenzake kwa picha na mhandisi anayeongoza mtambo kutoka mbali hudhurika kwa ucheleweshaji ule ule, ila wao hawana ubao wa magoli wa kuwaonyesha hasara yao. Mchezaji anao, na ndiyo maana malalamiko yake yafaa kusikilizwa kama vipimo.

Naona ni wajibu wa wenye kusimamia mawasiliano kuwataka watoa huduma watangaze, pamoja na megabiti, milisekunde za kwenda na kurudi hadi Johannesburg, Nairobi na Frankfurt, zilizopimwa saa mbili usiku, wakati watu wamejaa. Idara za fizikia na kompyuta katika vyuo vyetu zaweza kuanza kupima muhula huu, kwa vifaa zilivyo navyo.