Kompaila Nayo Ijifunze Kuandika Kichwa cha Habari

Jamani, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuongelee maneno ambayo kompaila humwambia mtu anayeandika programu. Msikimbie! Hili ni suala la lugha kabla halijawa la kompyuta.

Chukua lugha ya Rust. Unaandika fankisheni ya wazi, yaani pub, yeyote aitumie. Lakini jibu linalotoka humo ni la aina uliyoificha ndani ya moduli yako. Mteja anakabidhiwa kitu ambacho hawezi hata kukitaja kwa jina.

Zamani onyo la mambo ya namna hii liliitwa private_in_public: cha siri hadharani. Kichwa kizuri kwa gazeti la udaku, ila kinaeleza nini? Toleo la 1.74, la Novemba 2023, likaligawa. Private_interfaces ni kwa aina zinazoonekana kwenye fankisheni na mfano wake, private_bounds ni kwa masharti ya jeneriki. Unnameable_types, lililofuata katika toleo la 1.79 la Juni 2024, linahusu aina iliyoandikwa pub lakini haina njia ya kufikiwa kutoka nje. Hili la mwisho hunyamaza mpaka uliwashe mwenyewe.

Maneno ya onyo nayo yakabadilika. Sasa kompaila inasema aina fulani ni ya siri zaidi kuliko fankisheni, kisha inaonyesha kila kimoja kinafika wapi. Mimi nasema hayo ni maendeleo. Usiri una ngazi, na pub(crate) iko katikati: wazi kwa wa ndani, fumbo kwa wa nje. C# nayo hulinganisha hivyo hivyo, ingawa kwake ni kosa kamili, si onyo.

Tatizo langu ni kwamba ujumbe unaishia hapo. Kijana anayejifunza peke yake usiku akisoma "ya siri zaidi", atabandika pub kwenye aina. Onyo linatoweka, analala. Akishachapisha maktaba yake, watu wanajenga juu ya aina ile, na kuirudisha ndani ni kuwavunjia kazi. Kumbe pengine ni fankisheni ndiyo ilipaswa kufungwa!

Kwa hiyo onyo litaje njia zote mbili: fungua hiki, au funga kile. Mhariri wangu asingeipitisha habari iliyosikiliza upande mmoja. Au nyie mnasemaje?