Mgonjwa wa tezi dume asikwamishwe na nauli

Mzee wa Bariadi, mkoani Simiyu, anayeamka usiku mara kwa mara kukojoa, kisha kiuno kikaanza kumuuma, huambiwa ni uzee, au ni kuinamia pamba miaka yote. Huenda ni saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea mifupani.

Kipimo cha kulibaini hilo kipo nchini. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye teknisiamu, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Husubiri saa kadhaa huku akinywa maji, kisha kamera hupiga picha ya mifupa yote. Panapong'aa isivyo kawaida huchunguzwa zaidi, maana hata baridi yabisi hung'aa. Picha hiyo humsaidia daktari kuchagua kati ya upasuaji, mionzi na dawa za homoni.

Lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi. Tunaitaka Serikali, inapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, igharamie pia nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji wake. Na kipimo cha damu cha PSA, kinachoweza kuashiria saratani hiyo, kipatikane katika kila wilaya ya Simiyu, wanaume waanze kupimwa kabla kiuno hakijauma.