Kiingereza bila historia yake ni hasara kwa mfanyabiashara

Mkulima wa Mibirizi, wilayani Rusizi, huuza kahawa yake kwa kilo. Lakini bei ya kahawa hiyo huanzia mbali, katika soko la New York, ambako arabika hutajwa kwa senti za dola kwa kila ratili moja. Ratili ni gramu 453 na kidogo, yaani haifiki hata nusu kilo. Kijana wa hapo aliyemaliza sekondari anaweza kujua vizuri maneno ya Kiingereza ya kahawa, bei na uzito, na bado akashindwa kumwambia baba yake taarifa ya soko hilo ina maana gani. Lugha ameipata, lakini desturi za wenye lugha hajafundishwa.

Rwanda ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Haikutawaliwa na Uingereza. Ilipita mikononi mwa Wajerumani, kisha Wabelgiji, na Kiingereza kimeingia kwa uamuzi wa serikali: Oktoba 2008 kikachukua nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, mwaka mmoja baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na mwaka mmoja kabla ya kujiunga na Jumuiya ya Madola. Mtoto wa Kampala hukisikia Kiingereza sokoni na redioni. Mtoto wa Mibirizi akivuka mto Rusizi kwenda Bukavu hukuta Kiswahili na Kifaransa. Asichopewa darasani kuhusu Kiingereza, hana pengine pa kukiokota.

Mwalimu wa Mibirizi hahitaji kwenda mbali kutafuta somo. Kahawa ya Rwanda ilianza kupandwa hapo hapo mwaka 1904, kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, na ipo aina ya arabika inayoitwa Mibirizi hadi leo. Neno la Kiingereza la kahawa na neno la Kiswahili yametoka kwa mama mmoja, Kiarabu. Katika karne ya 17, London ilijaa mikahawa ambamo wafanyabiashara walikunywa kahawa na kupeana habari za meli. Mmoja ulikuwa wa Edward Lloyd, na humo ndimo lilimozaliwa soko la bima la Lloyd's, ambalo bado linakatia meli bima. Soko hilo hilo lilizikatia bima meli zilizobeba watumwa, na mwaka 2020 liliomba radhi kwa jambo hilo. Mwanafunzi ayasikie yote mawili.

Kwa mwenye mzigo mpakani, mambo haya ni pesa. Mnunuzi wa Kampala akiandika kwa Kiingereza kwamba lori litapakia saa 2 mchana, anamaanisha saa nane ya Kiswahili. Na kwa kuwa saa ya Uganda iko mbele ya ile ya Rwanda kwa saa moja, Rusizi itakuwa saa saba. Kopo la chakula lenye tarehe 03/09 huisha muda wake tarehe 3 Septemba kwa hesabu ya Waingereza, lakini Mmarekani huanza na mwezi, hivyo kwake ni tarehe 9 Machi. Galoni ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza ni lita 4.5. Anayedhani Kiingereza ni kimoja dunia nzima atanunua bidhaa iliyokwisha muda, au atalipia mafuta ambayo hakuyapata.

Nchi zinazotumia Kiingereza si Uingereza na Marekani tu. Uganda, Kenya na Tanzania ni majirani, na alama za utawala wa Kiingereza zimo ndani ya maisha yao ya kila siku. Dereva wa lori anayevuka Gatuna huhamia upande wa kushoto wa barabara. Shilingi anayolipwa ilianza Afrika Mashariki mwaka 1921, ikagawanyika kuwa sarafu za nchi tatu mwaka 1966, na Uingereza yenyewe iliacha kuhesabu kwa shilingi mwaka 1971. Anayejua mambo haya humwelewa mteja wake wa Kampala au Mombasa.

Wapo watakaouliza kwa nini Mnyarwanda asomeshwe historia ya wengine, hasa sasa ambapo Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017 na Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022. Swali ni la haki. Kiswahili ndicho kinachouza na kununua kati ya Kamembe na Bukavu, na kitaendelea kufanya hivyo. Lakini Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza lugha rasmi yake, na mama anayetia sahihi karatasi asiyoielewa hawezi kujitetea kwa kusema kwamba anajua lugha nyingine. Kuijua historia ya mtu si kumpigia magoti. Ni kujua anakotoka kabla ya kupatana naye bei.

Walimu wa Rusizi waruhusiwe kutenga sehemu ya vipindi vya Kiingereza kwa mambo haya, wakianza na kahawa, sarafu, saa na vipimo, kisha wafike kwenye vitabu na wafalme. Vyama vya ushirika vya kahawa na vya akina mama wanaovuka mpaka vikaribishwe darasani na karatasi zao halisi: risiti, mkataba wa mauzo, cheti kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi. Gharama yake ni ndogo. Gharama ya kutofanya hivyo tayari inalipwa, mzigo mmoja baada ya mwingine.