Akiba ya Jangwani



Huko Australia wako watu, hasa wazee waliostaafu, wasafirio kwa gari lililo nyumba: vitanda na jiko vimo ndani. Wengi huvuka uwanda mkavu wa Nullarbor, jina la Kilatini, maana yake "hakuna mti". Barabara yake ina lami yote tangu 1976, na mahali pamoja imenyoka kilometa 146 bila kona.

Lakini njia nzuri isimdanganye mtu. Toka kituo cha petroli hata kingine huweza kuwa karibu kilometa 190, na maji ni haba. Basi mwenye busara hupiga hesabu nyumbani: maji ya kila mtu kwa kila siku, na akiba juu yake; petroli; gurudumu la pili. Humwambia ndugu siku atakayofika. Usiku hasafiri, maana kangaruu hukatiza barabara. Gari likiharibika, haliachi: gari huonekana toka mbali kuliko mtu, tena humpa kivuli.

Wale wanawali watano wapumbavu hawakukosa taa, ndugu zangu. Walikosa akiba.