Lobelia ya Kilimanjaro Ibaki Mlimani

Aghalabu shule zinapokwea Mlima Kilimanjaro kwa ziara ya masomo, hupatikana mwanafunzi, na pengine mwalimu, atamaniye kushuka na mche wa lobelia kubwa ili auoteshe katika bustani ya shule. Nimepata kuonyeshwa mche wa namna hiyo, umo chunguni, katika shule moja ambayo sina haja ya kuitaja. Majani yake yalikwisha lainika na kuwa meusi penye shina. Nikaulizwa iwapo uongezewe mbolea. Mbolea isingeufaa kitu, kwa kuwa uliondolewa katika baridi ya usiku, nayo ni sehemu ya maisha yake kama maji yalivyo.

Mmea huu, ambao wataalamu huuita Lobelia deckenii, ni mmea wa kudumu uotao katika nyanda za juu za mlima, hata kupita mita 4,000. Majani yake marefu yenye ncha hujipanga duara kama kikapu kilicho wazi, na ufikapo wakati wa kuchanua huchomoza katikati shuke nene liwezalo kupita kimo cha mtu, ambalo ndege aina ya chozi hulitembelea kufyonza asali. (Jina deckenii ni la mwungwana wa Kijerumani, von der Decken, aliyefika mlimani mwaka 1861 na 1862. Wenyeji walikuwa wakiuona mmea huo kabla hajazaliwa.)

Kilimanjaro iko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo tofauti ya joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo, ila tofauti ya mchana na usiku ni kubwa mno. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, aliyeandika juu ya mimea ya vilele vya Afrika ya Mashariki mwaka 1964, aliieleza hali hiyo kuwa ni majira ya joto kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Lobelia imeumbika kwa saa hiyo ya saa 24. Jua likizama, majani hujikunja ndani na kulifunika chipukizi la katikati. Ndani ya kikapu hicho mna maji. Usiku tabaka la juu huganda na kuwa barafu, lakini kila tone ligandapo hutoa joto, kiasi cha jouli 334 kwa gramu moja. Kwa sababu hiyo maji yaliyo chini hubaki karibu na nyuzi sifuri za sentigredi hata hewa ya nje ikishuka chini yake sana, na chipukizi halidhuriki.

Hebu tulinganishe na mmea wa milima ya Ulaya. Katika milima ya Alps huota Eryngium alpinum, ambao Wafaransa huuita malkia wa Alps. Nao ni wa kudumu, una maua ya samawati yaliyozungukwa na kola ya majani membamba yaonekanayo kama miiba mikali, ingawa ukiyashika ni laini. Watunza bustani wa Ulaya huuotesha bila shida kubwa, mradi wafuate kalenda yake: mbegu hulazwa majuma mengi katika unyevu na baridi, kama zingalikuwa chini ya theluji, ndipo zichipue, na mche ukikwisha shuka mzizi wake mrefu hausumbuliwi tena. Bustani ya kule ina majira ya baridi ya miezi kadhaa, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ndogo. Lobelia yetu hata huko ni taabu kuilea, kwa maana huweza kustahimili jalidi ya usiku mmoja, jua likachomoza, lakini si baridi ya miezi mfululizo.

Sasa fikirini Moshi, penye mwinuko wa mita 800 hivi. Joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 tupandazo. Basi mche ulioshushwa kutoka mita 4,000 umetiwa katika hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi 19, mchana na usiku. Tena, tangu 1973 eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa, na kung'oa mmea bila kibali ni kosa.

Nimeambiwa kwamba mwanafunzi wa Lindi hatauona mlima maishani mwake, kwa hiyo afadhali aletewe. Hoja hii naiheshimu, lakini hicho atakacholetewa ni mmea unaokufa: majani hayajikunji vizuri, maji hayagandi, na somo lenyewe limebaki mlimani. Kinachoweza kusafiri ni kanuni. Mwalimu mwenye friza achukue kopo la maji na kopo tupu, atie kipimajoto katika kila moja, kisha wanafunzi wasome nyuzi kila baada ya dakika kumi na kuchora grafu. Kopo tupu litashuka upesi. Lenye maji litashuka hadi sifuri na kukaa hapo muda mrefu, hata maji yote yagande. Wajaribu tena kwa maji nusu ya yale ya kwanza, waone muda huo unapungua kwa kiasi gani, kisha wakadirie lobelia ingehitaji maji mengi kiasi gani ili ifike alfajiri.